Kobe Hana Nyumba Moja: Safari ya Niboye, Kigali

Daraja la Rusumo ndipo mahali ambapo msafiri atokaye Tanzania huuaga upande wa kushoto wa barabara. Akishavuka na kuingia Rwanda, basi huhamia kulia, na abiria asiyezoea hushikilia kiti chake kwa kitambo akidhani kuwa dereva amepotea. Lakini mimi katika safari hiyo sikuitazama barabara. Niliyatazama maji. Chini ya daraja Mto Kagera, ambao wenyeji wa ng'ambo huuita Akagera, ulikuwa ukiporomoka kwa ngurumo kubwa, na rangi yake ilikuwa kama chai iliyotiwa maziwa. Ni udongo huo. Nilijiuliza umetoka shamba la nani.

Jibu nililipata Niboye, siku mbili baadaye, nikiwa nimeketi barazani kwa watu.

Ndugu msomaji, Kigali ni mji wa vilima. Ukisimama juu ya kilima kimoja unakiona cha pili na cha tatu, na katikati yake pana mabonde yenye majani mabichi hata wakati wa kiangazi. Niboye ni umurenge mmojawapo wa wilaya ya Kicukiro. Kwa lugha ya utawala wa kwetu tungesema ni kata. Ni mahali pa makazi, pana nyumba zenye kuta na bustani ndogo za maua, na njia zake nyingine zimetiwa lami na nyingine zimepangwa mawe. Kando ya njia pana mifereji iliyojengwa kwa mawe. Mgeni huiona mifereji hiyo kuwa mapambo tu, hadi siku ya mvua.

Mwenyeji wangu alikuwa mzee mmoja, askari mstaafu, ambaye majirani wote bado humwita Afande. Kiswahili chake alijifunzia jeshini, nacho ni kizuri. Nilipomwamkia "Shikamoo, Mzee wangu," alicheka na kuitikia "Marahaba, Mwalimu," kisha akanikaribisha chai. Mara mvua ikanyesha. Kwa muda wa robo saa mfereji wa mbele ya nyumba ukajaa, maji mekundu yakateremka kwa kishindo kuelekea bondeni, yakibeba majani, vijiti na chupa moja ya plastiki iliyokuwa ikirukaruka kama mtoto mtundu.

"Mwalimu," akasema Mzee, "unayaona maji yale? Yanakwenda kwenu."

"Kwetu wapi, Mzee?"

"Kwenu Kagera. Sisi tunayatumia kwanza, ninyi mnayapata baadaye."

Maneno hayo si ya mzaha. Maji ya vilima vya Kigali huteremkia vinamasi vya mabondeni, na kutoka huko huingia Mto Nyabarongo. Nyabarongo huyafikisha Akagera, karibu na Ziwa Rweru mpakani mwa Burundi. Akagera hupita Rusumo, ambapo sasa pana mitambo ya umeme ya megawati 80 inayotumiwa kwa ushirika na Tanzania, Rwanda na Burundi. Kisha mto hupinda, ukapita Kyaka, mahali ambapo wasomaji wetu wa jeshini hawahitaji kukumbushwa habari za daraja lililovunjwa vitani mwaka 1978, hata ukamwaga maji yake katika Ziwa Viktoria. Na kutoka Viktoria ndiyo safari ya Mto Naili.

MASWALI YA MTOTO

Mjukuu wa Mzee, mvulana wa miaka tisa hivi, alikuwa na kitabu cha shule chenye picha ya kobe. Wanyarwanda humwita akanyamasyo. Alitaka kujua kama ni kweli kwamba wako makobe wanaoishi majini, na kama tungeweza kwenda kumtafuta mmoja. Kesho yake, mvua ilipokwisha anuka, tukaenda Nyandungu.

Nyandungu ni bonde la kinamasi lisilo mbali na Niboye. Zamani lilikuwa limeharibiwa: watu walilima ndani yake, walilisha mifugo, na walitupa taka. Mwaka 2016 serikali ilianza kazi ya kulirudisha katika hali yake, na mwaka 2022 likafunguliwa kuwa hifadhi ya mjini yenye eneo la hektari 121. Ndani yake pana mabwawa, njia za watembea kwa miguu na za baiskeli, bustani ya miti ya dawa, na maelfu ya miti ya asili iliyopandwa upya. Mafunjo yamerudi, na ndege wamerudi pamoja nayo. Mwaka huohuo wa 2022 Kigali ilitambuliwa chini ya Mkataba wa Ramsar, yaani mkataba wa kimataifa wa kuhifadhi vinamasi, kuwa mojawapo ya miji inayotunza vinamasi vyake.

Tulizunguka mabwawa polepole. Mtoto alikagua kila gogo na kila jiwe, maana nilikuwa nimemwambia kwamba kobe wa majini hupenda kutoka na kuota jua. Tuliona ndege wengi. Tuliwaona vyura. Kobe hatukumwona.

"Tukimpata," akauliza mtoto, na Mzee akanifasiria, "tutamchukua nyumbani?"

Hapo ndipo nilipolazimika kumsimulia kisa ambacho sikupata kukisimulia kwa fahari.

Nilipokuwa na umri kama wake, kwetu Kagera palikuwa na dimbwi la kunyweshea ng'ombe. Siku moja baada ya mvua za masika nilimwokota kobe wa majini kando yake, mdogo kama sahani ya kikombe, mwenye shingo ya kujikunja ubavuni. Nikamtia kikapuni, nikampeleka nyumbani na kumweka katika karai la maji. Nilimpa majani na makombo ya ugali. Usiku nilimsikia akikwaruza ukuta wa karai kwa kucha zake, akipanda na kuteleza, akipanda na kuteleza. Nilidhani anacheza. Siku ya tatu nilimkuta amekufa. Mama yangu, ambaye hakusoma kitabu chochote cha wanyama, alimtazama akasema: "Mwanangu, umempa maji, hukumpa nchi kavu."

Wahenga husema kuwa ukimwona kobe juu ya mti, jua kuna mtu aliyempandisha. Na ukimwona kobe ndani ya karai, vilevile.

NYUMBA MBILI NA NJIA MOJA

Miaka mingi baadaye nilipopata nafasi ya kusoma habari za viumbe hawa, niliona kwamba mama alikuwa amesema jambo ambalo wataalamu hulieleza kwa kurasa nyingi. Kobe wa maji baridi hana nyumba moja. Ana mbili, na anahitaji njia ya kwenda na kurudi kati yake.

Nyumba ya kwanza ni maji: mto, ziwa, kinamasi au dimbwi. Humo hula, hujificha na kupoza mwili. Nyumba ya pili ni nchi kavu iliyo karibu na maji. Makobe karibu wote duniani, wa ziwani na wa baharini, hawatagi mayai yao majini. Jike sharti atoke, apande ukingo, achimbe shimo mahali pakavu pasipofikiwa na mafuriko, atage, afukie, kisha arudi. Katika aina nyingi joto la udongo ndilo linaloamua kama vifaranga watakuwa madume au majike. Kwa hiyo mtu anayekata nyasi zote za ukingoni, au anayechota mchanga wote wa kando ya mto, amevunja chumba cha kuzalia hata kama hakuyagusa maji.

Wako makobe ambao nchi kavu kwao ni zaidi ya chumba cha kuzalia. Wale ambao wataalamu huwaita Pelomedusa, walioenea sehemu nyingi za Afrika kusini ya Sahara, hukaa katika madimbwi ya mvua. Dimbwi likikauka hujifukia katika udongo na kungoja kwa miezi, na mvua ikinyesha hutoka na kutembea nchi kavu kutafuta dimbwi jingine. Ndugu zao wa jamii ya Pelusios wana bawaba katika gamba la tumboni, na wakitishwa hufunga mlango wa mbele kama mtu afungavyo sanduku.

Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba kobe huchelewa kukua. Hukaa miaka mingi kabla ya kuanza kutaga, na mayai na vifaranga vyake vingi huliwa na wanyama na ndege. Yeye hulipa hasara hiyo kwa kuishi muda mrefu na kutaga tena na tena. Mpango huo umefaa kwa zaidi ya miaka milioni 200. Lakini haukutayarishwa kwa ajili ya nyavu. Ukiondoa majike wachache walio wazima kila mwaka, hesabu yote inaharibika, na hakuna atakayetambua mpaka siku ambapo hawapo tena. Leo duniani zipo aina zipatazo 360 za makobe na kasa, na zaidi ya nusu ya aina hizo zimo hatarini kutoweka.

MAJI YANAKOKWENDA

Sasa tuyafuate maji ya mfereji wa Niboye. Baada ya Ziwa Viktoria, Mto Naili hupita Uganda, huanguka kwa kishindo kwenye maporomoko ya Murchison, kisha huingia Ziwa Albert. Huko chini ya maporomoko anaishi kobe wa namna ya pekee, ambaye jina lake la kitaalamu ni Trionyx triunguis. Gamba lake si gumu kama la kobe wa shambani. Limefunikwa kwa ngozi laini, na laweza kufikia urefu wa karibu mita moja. Hujifukia mchangani chini ya maji, akaacha ncha ya pua yake ndefu tu, akangoja samaki apite. Yumo pia katika Ziwa Turkana. Kobe huyu amewekwa katika orodha ya wanyama waliomo hatarini. Hunaswa katika nyavu na kuzama, kwa maana yeye naye huvuta hewa. Huuawa na wavuvi wanaomlaumu kwa kukata nyavu. Huliwa nyama, na mayai yake hufukuliwa.

Si yeye peke yake. Kusini-mashariki mwa Ziwa Turkana, upande wa Loiyangalani nchini Kenya, yuko kobe mdogo wa tope aitwaye Pelusios broadleyi, ambaye hajulikani mahali pengine popote. Na kwetu Tanzania, katika Rufiji, Ruvuma na Ziwa Nyasa, yuko kobe mwingine wa gamba laini, Cycloderma frenatum, mlaji wa konokono na chaza, naye pia yumo hatarini. Mwaka 2016, katika mkutano uliofanyika Johannesburg, mataifa yalikubaliana kwamba biashara ya kimataifa ya makobe wa gamba laini wa Afrika iwekwe chini ya vibali.

Pengine msomaji atauliza: chupa moja ya Niboye inamhusu nini kobe wa Ziwa Albert? Safari ni ndefu, na pana ziwa kubwa katikati. Ni kweli. Lakini mto huu umekwisha tufundisha kwamba hausahau mzigo wake. Magugu maji yaliyolivamia Ziwa Viktoria tangu mwisho wa miaka ya 1980, yakafunga gati na kunasa mitumbwi, yalikuwa yakiteremka kwa wingi na maji ya Kagera. Na mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, mto huohuo uliwabeba waliouawa hadi ziwani, na watu wa pwani ya Uganda wakawazika ugenini kwa heshima. Mzee wangu alinionyesha mafunjo kwa mkono, akasema kwamba katika miezi ile wako waliookoka kwa kujificha katika vinamasi vya Bugesera, wakiwa wamezama hadi shingoni. Hakusema zaidi, nami sikuuliza. Nilielewa tu kwa nini yeye haviiti vinamasi ardhi ya bure.

SOMO LA KORONGO

Je, mnyama aliyekwisha kupungua aweza kurudi? Rwanda ina mfano wake, nao si wa kobe bali wa ndege aitwaye umusambi, yaani korongo mwenye taji la dhahabu kichwani. Yeye pia ni mwenye nyumba mbili: hujenga kiota chake kinamasini, na hula katika nyasi na mashamba ya jirani. Vinamasi vilipolimwa, alipoteza nyumba moja. Kisha watu wakapenda uzuri wake, wakawachukua vifaranga na kuwafuga katika bustani za nyumba na za mahoteli, wakiwakata mbawa wasiruke.

Tangu mwaka 2014, daktari wa mifugo Olivier Nsengimana na shirika lake, wakishirikiana na serikali, walianza kuwaandikisha na kuwakusanya korongo hao. Hawakuwatisha wenye nyumba. Walieleza, wakaomba, na zaidi ya ndege 200 wakatolewa vifungoni. Waliokuwa wazima walirudishwa porini katika Hifadhi ya Akagera. Waliovunjwa mbawa, wasioweza tena kuruka, walitengenezewa makao yao pembezoni mwa Kigali, katika kinamasi kilichorudishwa, paitwapo Umusambi Village. Mwaka 2017 nchi nzima walihesabiwa korongo 487. Mwaka 2023 walikuwa 1,293.

Sisemi kwamba kazi hizi hazina gharama. Kiwanda kinapohamishwa kutoka kinamasini, kama ilivyofanyika Gikondo, na bustani ya mboga inapofungwa, kuna mtu anayelala akiwaza atakula nini, naye anastahili kusikilizwa na kufidiwa. Lakini pana gharama ya kutofanya vilevile. Wanyarwanda wenyewe hukumbusha habari za kinamasi cha Rugezi, kaskazini. Kilipokaushwa kwa ajili ya mashamba, maji yalipungua hata umeme wa Ntaruka ukafifia mwanzoni mwa miaka ya 2000, na taa za mjini zikazimika. Walipokihifadhi, maji yakarudi. Kinamasi ni sifongo: hunywa mvua wakati wa wingi, huichuja udongo, kisha huitoa kidogo kidogo wakati wa haja. Kobe na korongo ni mashahidi tu kwamba sifongo hiyo ingali nzima.

NYUMBANI NA KAMBINI

Kina mama, kina baba, na ndugu zetu mlioko makambini, mambo haya hayamngojei mtaalamu. Mengi yake ni ya nyumbani.

Kwanza, usimtie kobe wa majini karaini, wala usimnunulie mtoto awe mwanasesere wake. Ukimkuta barabarani siku ya mvua, mvushe kwa upande ule aliokuwa akielekea, umwache. Yeye anajua aendako.

Pili, ukingo wa mto, bwawa au dimbwi usilimwe mpaka majini. Nchini kwetu sheria ya mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo. Nyasi za ukingoni huzuia udongo wako usiondoke, na humpa kobe pa kutagia.

Tatu, magari ya kambi na pikipiki za nyumbani zisioshwe mtoni. Mafuta yakishaingia majini hayazoleki.

Nne, mvuvi akimkuta kobe wavuni, amfungue angali hai. Nyavu kuukuu zisiachwe majini, kwa kuwa wavu usio na mwenyewe huendelea kuua usiku na mchana.

Tano, tuwafunze watoto kusafisha mifereji kabla ya mvua, si baada yake. Kule Rwanda Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ni siku ya umuganda, nao raia na askari hushika majembe pamoja. Sisi nasi tuna desturi ya kujitolea. Kilichobaki ni kuikumbuka.

Siku ya kuondoka, mtoto alinisindikiza hadi kituo cha basi akiwa amemshika babu yake mkono. Alinipa kazi: nikifika kwetu, nikalitazame lile dimbwi la zamani, nimpe habari kama makobe wangali pale.

Nilikwenda. Dimbwi lipo, lakini limepungua, na mashamba ya mboga yalikuwa yamefika hadi majini pande zote. Shamba moja ni la mjomba wangu. Tulizungumza jioni nzima, si bila ya mabishano, kwa maana mboga zile ndizo zinazomlipia mjukuu wake ada. Hatimaye alikubali kurudisha mstari wake nyuma upande mmoja, ule wenye mwinuko mkavu, na jirani yake akafuata. Majani yameanza kuota.

Nimemwandikia barua mtoto wa Niboye. Nimemwambia kwamba kobe sijamwona bado, lakini njia yake tumemwachia.